Crystal Beach baada ya bembea kuondoka: niliyoyaona mwenyewe

Mkuu, umeuliza kama mji wa kando ya ziwa ukipoteza bustani yake ya michezo (ile yenye bembea na mashine za kupanda kwa tiketi) unakufa. Ninaoujua mimi ni Crystal Beach, Ontario, upande wa Kanada wa Ziwa Erie, jirani na Buffalo, mji ulioko ng'ambo, Marekani. Haukufa, ila si wa watu walewale tena.

Nilifika Buffalo kusoma mwaka 1987. Kiangazi cha 1989 jamaa niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja akanipakia kwenye gari lake bovu, tukavuka Peace Bridge, daraja la mpakani. Nilichokiona sijakisahau: familia za wafanyakazi wa viwandani zimejaa ufukweni, vikapu vya chakula, watoto wanalia wanataka kurudia bembea, harufu ya sukari kila kona. Halafu Comet, rola kosta (kigari cha kupanda na kushuka kwa kasi kwenye reli) ya mwaka 1948 iliyopita ukingoni kabisa mwa ziwa. Ukifika juu unaona maji tu, unahisi inakumwaga humo. Niliposhuka miguu ilikataa. Jamaa akanicheka, akasema chuma chake kimetoka kwenye ile ya zamani, Cyclone ya 1927, ambayo ilikuwa na muuguzi kabisa kituoni wa kuhudumia waliozimia.

Septemba ya mwaka uleule bustani ikafungwa. Miaka 100 hivi ya biashara (palianza 1888 kama kambi ya mahubiri, bembea zikawashinda wahubiri mapema sana!) ikaishia mnadani.

Watu hupenda kulaumu bustani kubwa mpya, kama Canada's Wonderland iliyofunguliwa 1981. Sawa, zilichangia. Ila mimi naangalia Lackawanna, jirani na Buffalo, ambako kiwanda cha chuma cha Bethlehem kilifunga sehemu yake kubwa mwaka 1983. Bustani hii iliishi kwa pikiniki za makampuni, watu wanakuja kwa mabasi, na zamani kwa meli ya Canadiana, iliyovusha watu kutoka Buffalo hadi 1956. Mshahara ukikatika, nani atanunua tiketi za watoto wanne?

Nilirudi miaka michache baadaye. Maduka mengi yamepigwa mbao madirishani. Vile vijumba vya mbao ambavyo familia zilipanga kwa wiki moja moja vilikuwa vinauzwa kwa bei ya kutupa. Hapo ningekuambia mji umekwisha, na ningekuwa nimekosea, maana pale palipokuwa na bembea pakajengwa mtaa wa nyumba za kifahari, wenye geti na mlinzi. Safari moja nikataka kupita hadi kwenye gati la zege ambako meli ilikuwa ikitia nanga. Mlinzi akanirudisha, kwa adabu, ila alinirudisha. Vijumba vya bei ya kutupa navyo vikapata wanunuzi kutoka Toronto, vikakarabatiwa, siku hizi bei zake sizisemei hapa. Ufukwe wa umma, Bay Beach, bado upo, ila kiangazi unalipia kuingia.

Kwa hiyo mkuu, ukipita leo utaona mji msafi, wenye migahawa mizuri na maua. Wenyeji wapya watakuambia pametulia, na kweli pametulia. Mimi kelele zile ndizo nilizozifuata, kwa hiyo usinichukulie kama shahidi asiye na upande.

Kitu cha ajabu ni vile vilivyovuka mpaka vikabaki. Hadi leo Buffalo unakunywa kinywaji cha loganberry (aina ya tunda dogo jekundu), na wazee wanakuambia kilitoka Crystal Beach. Comet yenyewe ilinunuliwa, ikakaa chini miaka kadhaa, ikasimamishwa upya 1994 kwenye bustani ya Great Escape, karibu na Lake George, New York. Nilimpeleka binti yangu, mwendo wa saa tano hivi kwa gari. Alipanda mara tatu. Mimi mara moja tu. Inatikisika vilevile, ila ukifika juu unaona miti.