Mashine ya kiwandani na malighafi toka China, usikubali 25% kirahisi

Mkuu nimekusoma, unaleta Dar mashine ya kupuliza chupa na punje za plastiki, agenti kakwambia vyote vinapigwa ushuru wa forodha wa 25%. Usilipe kwanza. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki mashine za kiwandani na malighafi nyingi ni 0%, bidhaa za kati 10%, hiyo 25 ni ya vitu vilivyokamilika (vingine hufika 35%), kwahiyo yote yanategemea namba ya HS, yaani namba ya forodha inayoonyesha bidhaa ni ya aina gani, omba TRA (mamlaka ya mapato) wakupe uamuzi wa maandishi kabla mzigo haujapanda meli. Mi invoisi huwa nakomaa iandikwe mashine ya nini, modeli, kazi yake, ikiandikwa "vipuri" tu umeumia. VAT 18% ihesabu pembeni. Ukipewa msamaha wa ushuru wa malighafi, usiuze hata kiroba kimoja mtaani, utadaiwa kodi na faini juu. Kama mzigo ni mkubwa, muone mshauri wa kodi aliyesajiliwa.