Diski mpya ya 2TB inaonyesha 1.81: usikimbilie kuirudisha dukani

Ndugu, umeuliza mambo mawili: mbona diski yako mpya ya nje ya 2TB inasoma 1.81 kwenye kompyuta, na mbona ulipoanza kunakili video ilienda mbio kisha ikaanza kujikokota. Una wasiwasi umeuziwa feki pale Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki hapa Nairobi. Mimi napiga video za harusi na ruracio (sherehe za mahari) hapa Nairobi, na majuzi tu nimenunua diski ya ukubwa huo huo, ile ya kawaida inayozunguka ndani, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Hiyo 1.81 isikunyime usingizi. Mtengenezaji huhesabu terabaiti moja kuwa baiti trilioni moja. Windows hugawanya kwa 1,024 kila hatua badala ya 1,000, halafu bado inaandika TB. Ndiyo maana diski ya 1TB huonekana 931GB. Ichomeke yako kwenye Mac itasoma 2TB, kwa sababu Apple walihamia hesabu ya elfu mwaka 2009. Hakuna aliyekuibia.

Ila ukubwa unaoonekana kwenye skrini hauthibitishi kwamba diski ni halali. Kuna vile vidude vyepesi vinavyouzwa kama SSD (diski ya chipu, isiyo na kinachozunguka ndani) ya 16TB kwa bei ya flashi. Ukikifungua unakuta kadi ndogo ya memori, na chipu imepangwa kudanganya ukubwa. Majina ya faili yanaonekana yote, lakini nafasi ya kweli ikishajaa, kinachofuata hakifunguki. Dawa yake ni programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kama unatumia Linux au Mac. Huijaza diski yote kisha huisoma tena kuhakikisha kilichoandikwa ndicho kilichopo. Kwa 2TB, hata ikienda megabaiti 100 kwa sekunde, kuandika peke yake ni zaidi ya saa tano, na kusoma ni karibu muda ule ule. Mimi huiacha usiku kucha kwenye laptopu yenye betri nzuri, maana stima ikipotea katikati unaanza upya.

Kabla ya hapo nilifungua CrystalDiskInfo, programu ya Windows inayosoma afya ya diski, na hapa ndipo nakusihi uwe makini zaidi. Diski huweka kumbukumbu ya maisha yake yenyewe. Tazama mstari wa Power On Hours, yaani saa ambazo diski imewashwa: diski mpya inapaswa kuwa na sifuri au karibu na sifuri. Yangu ilisoma sifuri, nikapumua. Mwenzangu tunayefanya kazi pamoja alinunua yake kwingine, boksi limefungwa plastiki safi kabisa, akakuta imeshafanya kazi maelfu ya masaa. Ilikuwa imetolewa kwenye mashine nyingine ikavalishwa ganda jipya. Tazama pia Reallocated Sectors (sehemu zilizoharibika zikabadilishwa) na Current Pending Sectors (sehemu zinazoshukiwa kuharibika). Kwenye diski mpya zote mbili ziwe sifuri. Kama si sifuri, irudishe siku hiyo hiyo, usibembelezwe kwamba ni kawaida.

Sasa hiyo kasi. Nilipomimina folda ya harusi nzima, ilianza kwa megabaiti 120 hivi kwa sekunde, ikashikilia hapo kwa muda, halafu ikashuka mpaka 20 na kitu. Inapanda, inashuka. Ukiweka mkono juu unasikia kichwa cha kusoma na kuandika kinahangaika ndani. Huo si ugonjwa. Diski nyingi za mfukoni siku hizi zina teknolojia ya SMR, ambapo njia za data zinalaliana kama mabati ya paa ili nafasi itoshe zaidi. Kubadilisha njia moja kunalazimu kuandika upya na zile zinazoifuata. Kwa hiyo diski hupokea haraka kwenye sehemu yake ya akiba, na hiyo ikijaa lazima isimame ipange. Kwa kuhifadhi kazi iliyokwisha inafaa sana. Kwa kuhariri video moja kwa moja kutoka humo, sikushauri hata kidogo, tafuta SSD.

Lakini kama haikuvuka megabaiti 40 tangu mwanzo, angalia kebo na tundu. USB 2.0 haipiti hapo. Tundu la USB 3.0 mara nyingi lina plastiki ya buluu ndani, na kebo ya diski hizi ina ile ncha pana yenye vyumba viwili. Hiyo ncha ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Yangu ilikuwa ngumu kuingia, inabidi uisukume kwa unyoofu bila kuipinda. Kebo ikicheza, diski inajikata katikati ya kunakili, na hapo ndipo watu hupoteza kazi.

Kuhusu fomati, yaani namna diski inavyopanga faili: yangu ilikuja na NTFS, ambayo Mac huisoma bila kuweza kuandika. Kama unabadilishana na mhariri wa Mac, exFAT itawafaa wote wawili, ila haina daftari la kujirekebisha kama NTFS, kwa hiyo usiichomoe kabla kompyuta haijakuruhusu. FAT32 iache, faili moja haiwezi kuzidi 4GB, na video ya kanisani inapita hapo mapema.

Usifute chochote kwenye kadi za kamera wala diski ya zamani mpaka hii imalize vipimo. Harusi ya watu hairudiwi, na nakala moja si hifadhi. Anza na CrystalDiskInfo leo, H2testw usiku kabla hujaijaza diski, na risiti na boksi uviweke pamoja. Ukiona namba usizozielewa, weka picha ya skrini hapa nitaipitia, ila funika namba ya kipekee ya diski kwanza.