Maswali na Majibu: Kijana wa Tanga na Pesa ya Uwanjani

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa vijana wa Tanga mjini wenye miaka kati ya 14 na 17. Kila mmoja ameuliza kwa namna yake, lakini shida ni moja: nitapataje senti kupitia michezo na bado niko shuleni? Nimekulia Ngamiani, na mpaka leo nikipita Tangamano jioni husimama kutazama watoto wakicheza. Naona mpira umelegea, goli halina wavu, mstari wa pembeni umechorwa kwa kisigino. Hizo zote ni kazi ambazo hazijapata mtu, na majibu yangu yanaanzia hapo.

Shikamoo. Nina miaka 15, nakaa Makorora. Nina elfu kumi niliyoiweka tangu Idi. Nianze na nini?

Marahaba, mwanangu. Usinunue kwanza kitu cha kuuza. Nunua vifaa vya kutengenezea mipira, maana kwenye mtaa wenye timu mbili tatu za chandimu hakukosi mpira uliolala uvunguni kwa sababu unavuja. Tanga ni mji wa baiskeli, na hiyo ni bahati yako: solusheni, viraka na msasa wa fundi baiskeli wa kwenu ndivyo utakavyotumia wewe pia. Mwombe ukae naye Jumamosi chache, umsaidie kuziba pancha huku ukiangalia mikono yake. Pampu mwazime mwanzoni.

Mpira hupimwa kama tyubu. Ujaze upepo, uuzamishe kwenye ndoo ya maji, uangalie mapovu yanatoka wapi. Yakitoka kwenye valvu, mara nyingi imekauka au imechanwa na sindano iliyoingizwa kavu. Ipake sindano tone la glisirini kila mara, na uiingize wima bila kuipindisha. Yakitoka penye mshono, fumua mshono kidogo, vuta bladda, ule mfuko wa ndani unaoshika upepo, piga kiraka, rudisha, kisha shona kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Ile mipira iliyogandishwa kwa gundi isiyo na mshono usiifumue. Mwambie mwenyewe kwamba huo huuwezi.

Mpira wa saizi 5 una mzingo wa sentimita 68 hadi 70, na sheria za soka zinataka upepo wa kati ya 0.6 na 1.1 kwa kipimo cha angahewa. Wengi hujaza mpaka ukawa jiwe, wakauacha juani saa saba mchana. Upepo unatanuka, mshono unaachia. Pesa ya kwanza ya faida nunua geji ya kupimia upepo. Kocha wa mtaa akiona unajaza kwa kipimo, mipira yake yote ataileta kwako.

Mimi ni wa Kwaminchi, miaka 16. Mashindano ya mtaani yanakaribia na uwanja hauna mistari. Wazee wamesema atakayechora atalipwa. Hesabu nazipenda, ila sijawahi kuchora uwanja.

Swali lako limenifurahisha kuliko yote, kwa sababu kazi hii inadai kichwa kuliko mtaji. Tafuta kamba ndefu, vigingi vinne, tepu ya kupimia na msaidizi mmoja.

Ugumu wote uko kwenye kona. Kona ikipinda, uwanja mzima unakuwa kama mkeka uliotandikwa upande. Hapa ndipo ile kanuni ya Pythagoras uliyoisoma darasani inapokulipa. Piga kigingi kwenye kona, pima mita 3 kufuata mstari wa goli na mita 4 kufuata mstari wa pembeni. Kati ya ncha hizo mbili ukipata mita 5 kamili, kona yako ni nyuzi 90. Ikizidi au ikipungua, sogeza kamba mpaka ikubali. Kwenye uwanja mkubwa tumia 9, 12 na 15, kosa linakuwa dogo zaidi. Muulize fundi mwashi yeyote, atakwambia ndivyo anavyoanza msingi wa nyumba.

Vipimo vingine viandike kwenye daftari, usivibebe kichwani. Urefu wa uwanja ni mita 90 hadi 120, upana 45 hadi 90. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Eneo la penalti linaanza mita 16.5 kutoka upande wa ndani wa kila nguzo ya goli, na linaingia uwanjani mita 16.5. Alama ya penalti iko mita 11 kutoka golini. Duara la katikati unafunga kamba ya mita 9.15 kwenye kigingi na kuzunguka nayo. Kamba hiyohiyo ukiifunga kwenye alama ya penalti unapata ule upinde wa juu ya eneo la penalti. Mstari usizidi sentimita 12 kwa upana.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu chokaa. Chokaa isiyozimwa huunguza ikigusana na maji au jasho, na hata iliyozimwa huchoma macho na kuwasha ngozi. Mchezaji anayeteleza juu yake anaumia. Tumia rangi nyeupe ya maji uliyoizimua, au unga wa chaki. Gharama itapanda kidogo, na hilo liingize kwenye bei kabla hujakubaliana na wazee.

Mashindano yakiisha, waone walimu wa michezo wa shule za jirani. Mvua za masika hufuta mistari, na shule huhitaji viwanja vya kujiandaa kwa UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari. Uwanja wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, umegawanywa sehemu tatu sawa, na nusu duara la kufungia lina nusu kipenyo cha mita 4.9. Huo unaumaliza asubuhi moja.

Baba yangu ni mvuvi wa Sahare na amenifundisha kushona nyavu. Je, ujuzi huu una soko michezoni?

Unalo mkononi jambo ambalo vijana wengi wa bara hawana. Mpira wa miguu una kipenyo cha sentimita 22 hivi, kwa hiyo tundu la sentimita 10 hadi 12 linatosha kabisa kuuzuia, na uzi utakaokwenda ni kidogo kuliko kwenye wavu wa samaki. Tumia nailoni nene, maana wavu wa goli unakaa nje kwa jua na mvua. Wengine hutundika nyavu chakavu za baharini. Zina matundu madogo, zinashika upepo na kuvuta mwamba, na huenda zikabaki na ndoano. Usiuze hizo.

Mpira wa wavu nao usiusahau. Wavu wake una upana wa mita 1 na urefu wa mita 9.5 hadi 10, tundu la sentimita 10. Shona mmoja uwe wa mfano, uwaoneshe wanaoucheza.

Mimi ni binti wa miaka 17, Mabawa. Nashona kwa cherehani ya mama. Wavulana wanasema biashara ya michezo ni ya kwao.

Wasikukatishe tamaa, mwanangu. Wasichana wangapi mtaani kwako wameacha mpira kwa sababu mtandio unawavuka au pini zinawachoma? Shona hijabu za michezo. Sheria za soka ziliruhusu rasmi kufunika kichwa mwaka 2014, na mpira wa kikapu ukafuata mwaka 2017. Kwenye soka, kifuniko kiwe cheusi au cha rangi kuu ya jezi, kisishonwe pamoja na jezi, kisiwe na kitu kilichochomoza wala cha kufungia shingoni kinachoweza kuumiza. Chagua kitambaa chepesi kinachovutika na kinachopitisha hewa, pima kichwa cha mchezaji mwenyewe, na pini usitumie hata moja.

Mabaki ya kitambaa yashonee vizibao vya netiboli. Timu moja inataka saba, kila kimoja na herufi za nafasi ya mchezaji: GS, GA, WA, C, WD, GD na GK. Shule moja ikihitaji rangi mbili, hizo ni kumi na nne. Bei ya jumla na bei ya kimoja kimoja ziwe tofauti.

Nataka kuchapisha jezi za Simba na Yanga niuze nje ya uwanja wa Mkwakwani siku ya mechi. Kuna ubaya?

Upo. Nembo ni mali ya klabu, na kuichapisha bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa. Tume ya Ushindani hukamata bidhaa za namna hiyo. Nembo ya Coastal Union, Wagosi wetu wa Kaya, nayo ina mwenyewe. Chapisha jina la timu ya mtaa wako. Kila timu ya mchangani inatamani jezi zenye namba na jina, na ruhusa utaipata kwa nahodha mwenyewe papo hapo.

Nina miaka 16, najua mpira sana. Naweza kuuzia watu mikeka ya kubeti?

Hapana. Sheria inakataza michezo ya kubahatisha kwa aliye chini ya miaka 18, na hata ukifika umri huo sitakushauri. Nimeona ada za shule zikiishia huko. Ujuzi wako wa mpira upeleke kwenye kusomea uamuzi wa mechi, kuna malipo ya halali humo.

Nikiuza machungwa uwanjani wakati wa mapumziko?

Vizuri sana, hasa msimu wa machungwa ya Muheza. Nawa mikono, menya mbele ya mteja, beba ndoo ya maganda.

Mimi ni mama wa kijana wa miaka 14, Duga. Naogopa sheria, na naogopa ataacha shule.

Hofu yako ni ya haki, dada yangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mtoto wa miaka 14 kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia masomo. Chini ya umri huo haajiriwi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtu kuwa mtoto mpaka afike 18, kwa hiyo mapatano makubwa, laini ya kupokelea pesa na akaunti vipite kwako. Mikopo ya vijana inayotolewa na halmashauri nayo inaanzia miaka 18. Asimtume mtu kumchukulia. Mwekee saa: siku za shule isizidi magharibi, na wiki ya mitihani asiguse. Jumapili kaeni na daftari lake, aoneshe kilichoingia na kilichotoka.

Timu imechukua mipira minne niliyoitengeneza, wiki ya tatu sasa hawajalipa. Nifanyeje?

Yamenikuta nikiwa na umri kama wako. Timu moja iliniletea njumu jozi 11 kabla ya fainali, nikazishona usiku kwa taa. Wakafungwa, kila mtu akaenda kwao, na nilikaa mwezi mzima bila hata pesa ya gundi. Iliniuma kwa sababu nilikuwa nawapenda.

Kuanzia sasa pokea nusu kabla ya kuanza, na kazi isitoke mkononi mwako mpaka nusu ya pili ifike. Andika tarehe, idadi na jina la aliyeleta, naye atie saini. Kwa deni hili, nenda kwa nahodha ukiwa na mtu mzima anayemheshimu, saa ya mazoezi, bila kelele. Pendekeza kila mchezaji atoe kidogo kidogo kwa wiki mbili. Wakisema hawana kabisa, waombe ile mipira mibovu waliyoitupa stoo iwe malipo yako, uitengeneze uiuze.