Ukwaju mkali ndio unaouzika

Mdogo wangu mmoja wa Wete, Pemba, kaniandikia. Kaletewa ukwaju mtamu wa Thailand, ule wa Phetchabun unaoliwa hivi hivi kama tende. Anataka apande kokwa zake, aukate mkwaju wa babu yake, kisha auze juisi kama mimi. Weka shoka chini, mdogo wangu!

Mti wa kokwa haulazimiki kumfuata mama yake. Utausubiri miaka 7 au zaidi, mwisho uzae mkali vile vile. Ukiutaka utamu kwa uhakika, tafuta mche wa kubebesha, uliounganishwa na kijiti cha mti mtamu. Na nani kakwambia utamu ndio unaouzika? Urojo usio na ukali nani ataunywa?

Mimi nimeanza na ndoo moja ya juisi sokoni Darajani, Unguja. Hoteli moja, siitaji, waliionja juisi yangu mbele za watu, wakacheka, wakasema ya kienyeji mno, wakaagiza ya boksi. Bado inaniuma. Ramadhani hii wametuma kijana. Nimemuuzia, lakini bei ya mtaani hakuipata.

Kinachowarudisha wateja ni ukwaju wenyewe. Liache kwaju likauke mtini. Ukilitikisa likalia, nyama imeshaachana na ganda. Menya, toa nyuzi, roweka kwa maji yaliyochemshwa yakabaki vuguvugu (kipindupindu tunakijua), vuruga kwa mkono mpaka kokwa ziteleze, chuja. Sufuria ya alumini usiiguse, asidi ya ukwaju inaila. Sukari weka mwisho, tena kidogo kidogo.

Halafu weka akiba. Mfungo unarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, mkwaju haufuati mwezi mwandamo. Nunua msimuni ukiwa rahisi, toa kokwa, tia chumvi, shindilia kwenye chombo kikavu kinachofunga barabara. Ukiuacha na maganda yake, wadudu watautangulia.

Vijana wa siku hizi mnapenda cha meli. Mti umesimama uani tangu enzi za babu, hauombi maji wala mbolea, mnauona kuni! Riziki mnaitafuta mbali na mnaikanyaga kila asubuhi mkienda kisimani. Nasema kwa uchungu kwa sababu na mimi nilichekwa.

Basi mkwaju wa babu uache. Ukishapukutisha gunia la kwanza, niandikie kabla hujampa mchuuzi. Nauli ya boti mpaka bandarini Malindi, hapa Unguja, juu yangu.