Geti la chuma mbele ya mlango wa nakshi?

SWALI: Asalaam alaykum fundi. Tumerithi nyumba ya bibi yetu Kiponda, Mji Mkongwe. Mwaka huu tumeibiwa mara mbili, na mara ya pili wezi walishukia juu, kwenye paa la jirani. Fundi wa kuchomelea anataka kutuwekea geti la chuma mbele ya mlango wa nakshi, kitasa kipya katikati ya mlango, na kamera. Mama hataki mlango uguswe. Tufanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam dada. Msikilizeni mama. Mwizi kapita juu. Mlango wa mbele hauna kosa.

Anzeni na mlango wa ngazi ya kutokea paani. Katika nyumba nyingi ninazokarabati, mlango huo ni ubao mwembamba wenye kikomeo kimoja, na majirani tumegusana paa kwa paa. Wekeni mlango wa mbao ngumu, mninga au mvule, wenye makomeo mawili ya ndani, la juu na la chini. Uwe unafunguka kwa ndani bila kutafuta ufunguo, maana moto ukizuka gizani hamtakuwa na muda huo. Njiani hauonekani, kwa hiyo sura ya nyumba haibadiliki.

Mlango wa nakshi msiutoboe. Kitasa cha katikati kitakata mfaa, ule mwimo wa nakshi ulio katikati ya mbao mbili za mlango, na nakshi iliyochimbwa hairudi. Badala yake, simameni ndani mlango ukiwa umefungwa, mgonge ukuta kwa vifundo vya vidole kulia na kushoto, usawa wa kiuno. Pakilia wazi, huenda ni tundu la zamani lililozibwa kwa plasta, la kuingizia pingo, yaani gogo la kukingamia mlango kwa ndani. Mkilipata, lifungueni taratibu, mchongeshe pingo jipya. Watu wakiwa ndani, mlango huo hausukumwi na bega la mtu. Mkitoka, tumieni mnyororo wake na kufuli nzito.

Hilo geti ndilo linalonitia hofu zaidi. Kuta zenu ni mawe ya matumbawe na chokaa, zimejaa unyevu na chumvi. Chuma cha kawaida kikichimbiwa humo hushika kutu, hufura, kisha hupasua jiwe. Niliwahi kubandua plasta pembeni mwa geti la namna hiyo: boliti ilikuwa imenenepa kwa magamba ya kutu, na jiwe likanivunjikia mkononi kama biskuti. Waliotangulia walikuwa wameziba nyufa kwa saruji, ambayo inauzuia ukuta kupumua, basi maji yakabaki ndani. Kila mnachofunga, kifungeni kwenye mbao. Pasipo budi kuingia ukutani, tumieni chuma cha pua, kile kisichoshika kutu upesi, na mzibe kwa chokaa.

Madirisha, rudishieni nondo za wima ndani ya fremu ya mbao, nyuma ya vibao.

Kamera sina ugomvi nayo. Waya upite juu ya plasta, ukifuata boriti, bila kuchimba ukuta. Ielekezeni mlangoni kwenu tu. Vichochoro vyetu ni vyembamba. Ukiigeuza kidogo inaingia dirishani kwa jirani, na jirani anayekaa barazani jioni ndiye atakayewaambia nani kapita.

Kabla ya kumlipa fundi hata shilingi, pelekeni picha na mchoro kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mabadiliko ya nje ya nyumba yanahitaji kibali chao, na geti likishawekwa bila kibali mnaweza kuamriwa kuling'oa, likiacha matundu ukutani.