Maji Yametoka, Ukuta Bado Umelowa: Soma Kabla Hujamwita Fundi Rangi

Msimu wa masika ukiisha Dar, mafundi rangi hawashikiki. Maji yameshachotwa, sebule imepigwa deki, mwenye nyumba anataka nyumba irudishe sura yake upesi, hasa kama kuna mpangaji anasubiri funguo. Nyumba yetu ya familia iko bondeni, Mikocheni, na imeshaingiwa na maji zaidi ya mara moja. Kwa hiyo haya nayaandika baada ya mabishano mengi na mafundi, na msimamo wangu haujabadilika: rangi ni kazi ya mwisho kabisa, na kati ya deki na rangi kuna wiki nyingi ambazo watu hawapendi kuzisikia.

Tuanze na la kufa na kupona. Soketi zikiwa zimefikiwa na maji, zima umeme kwenye meni switchi, na kama meni yenyewe imelowa au unatakiwa kukanyaga maji kuifikia, usiiguse. Subiri fundi umeme. Pili, maji ya mafuriko mjini yamepita kwenye vyoo na mashimo ya watu. Vaa buti na glovu, osha kwa maji safi na sabuni kwanza, ndipo upitishe klorini. Usichanganye klorini na dawa ya choo, mvuke wake unaumiza mapafu. Godoro la sponji lililokunywa maji hayo litupe, hata kama linauma mfukoni.

Samani zina tabia zake. Kabati la MDF, zile mbao za unga wa mti uliogandamizwa, likishavimba miguuni halirudi, usipoteze muda nalo. Kitanda cha mninga kinaokoka, lakini kikaushe kivulini polepole. Ukikiweka juani kitapasuka. Vyote viondoe ukutani, angalau upana wa kiganja, hewa ipite nyuma. Kuvu huanza kuota ndani ya siku moja au mbili, na hupenda hasa kule nyuma ya kabati ambako hakuna anayechungulia.

Sasa ukuta. Nyumba nyingi za huku zimepigwa rangi ya mafuta nusu ya chini, ili alama za mikono ya watoto zifutike. Ni wazo zuri mpaka siku maji yanapoingia. Bloku za saruji hunyonya maji toka chini kama utambi wa kandili, yanapanda juu kuliko pale mafuriko yalipoishia, na yakitaka kutoka yanakutana na ile rangi. Baada ya muda ukipapasa ukuta utakuta malengelenge. Toboa moja kwa ncha ya kisu: utaona maji yanachuruzika, na nyuma yake lipu ni nyeusi na laini, unaweza kuikwaruza kwa ukucha. Fundi mmoja aliniambia, “Dada, hiyo tunakwangua, tunapiga putty, inapotea.” Inapotea kweli. Kisha inarudi, na safari hii inabandua na putty yake.

Dawa yake ni kukwangua rangi ya mafuta yote katika eneo lililolowa, na skimu (lile tabaka laini juu ya lipu) kama ipo, ukuta ubaki uchi. Hautapendeza. Utatoa unga mweupe. Hizo ni chumvi zinazobebwa na maji yanapotoka, na zinazidi kama nyumba ilijengwa kwa mchanga wa pwani. Zisugue kwa brashi kavu na uzoe. Ukiziosha zinayeyuka na kurudi zilikotoka.

Zanzibar, kwenye nyumba za Mji Mkongwe, hili la kufungia unyevu ukutani ni kubwa zaidi. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na zilipigwa lipu ya chokaa inayoruhusu unyevu kutoka. Anayekuja leo kuzifunika kwa saruji anaufungia unyevu ndani, halafu anashangaa jiwe linamong’onyoka.

Watu huniambia, “Si ufungue madirisha tu?” Ndiyo, lakini kwa kuangalia saa. Siku za mwanzo, vitu vikiwa bado vinachuruzika, acha wazi muda wote, mbu na usalama vikiruhusu. Baada ya hapo angalia hewa ya nje. Pwani alfajiri unyevu wa hewa hupita asilimia 90. Mchana wa saa nane, siku ya jua, hushuka kwenye 60 na kitu. Ukilala madirisha wazi unakaribisha ndani ulichotoka kukitoa. Mimi hufungua kuanzia saa nne asubuhi, nafunga kabla ya magharibi. Kuna vipimajoto vidogo vya ukutani vinavyoonyesha na unyevu wa hewa. Nunua kimoja, kitakumalizia ubishi. Chini ya asilimia 60 kuvu hukosa nguvu.

Feni inasaidia, ila ielewe kazi yake: inasogeza unyevu, haiuondoi. Ielekeze ipulize sambamba na ukuta, na dirisha la upande wa pili liwe wazi. Kiyoyozi ndicho kinachotoa maji hewani, na wengi wanacho bila kujua kina kazi hiyo. Tafuta alama ya tone la maji kwenye rimoti. Hapo sasa funga madirisha na milango, la sivyo utakuwa unaikausha bahari. Luku itakimbia, hilo sikufichi. Weka ndoo chini ya bomba linalotoa maji nje. Siku za mwanzo ndoo inajaa kwa usiku mmoja. Kadiri chumba kinavyokauka maji yanapungua, na hicho ni kipimo ambacho fundi hawezi kukubishia. Mashine maalumu za kuvuta unyevu hufanya kazi hiyohiyo. Ukipata ya kukodi, kodi, na uifungie chumbani vilevile.

Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hapana. Moshi wake usioonekana unaua waliolala, na jenereta ni hivyohivyo. Jiko la mafuta ya taa lina kosa la ziada: kuungua kwake kunatoa mvuke wa maji, karibu lita kwa lita ya mafuta uliyochoma.

Kuvu iliyokwisha kuota ifute kwa sabuni na kitambaa, ukiwa na barakoa. Jiki juu ya lipu huondoa rangi nyeusi, lakini sehemu kubwa yake ni maji, yanazama ukutani, na kuvu ya ndani inabaki. Siling’i ya jipsamu iliyolegea ikatwe, usiisubiri ikuangukie.

Utajuaje umekauka? Kata kipande cha nailoni angavu, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, kiache siku moja au mbili. Ukiona matone upande unaotazama ukuta, bado. Rudia sehemu kadhaa, chini na juu, na sakafuni pia kabla ya kubandika tailizi mpya. Ukuta wa bloku wa inchi 6 uliolowa barabara unaweza kuchukua miezi; wetu hukubali vizuri kipupwe kikianza, mwezi wa sita na kuendelea, upepo wa kusi unapovuma.

Kama nailoni inaendelea kutoa matone na kipupwe kimeisha, acha kukausha, tafuta maji yanakotoka: bomba lililopasuka ndani ya ukuta, bafu la upande wa pili, au sakafu iliyomwagwa bila nailoni chini. Na siku ya rangi ikifika, paka ya maji mpaka chini. Alama za mikono ya watoto mtazipaka tena.