Kabla upeleke watu semina, nenda kwanza ukae pale wanapofanyia kazi

Bajeti ikikaribia kampuni nyingi hapa Nairobi zinafanya kitu kile kile, HR inatuma fomu kwa kila idara, andikeni mafunzo mnayotaka mwaka huu, mameneja wanaijaza haraka haraka Ijumaa jioni, na majibu ni yale ya mwaka jana: kastoma kea, uongozi, Excel, timu bildingi. Alafu watu wanapelekwa Naivasha siku mbili, wanakula vizuri, wanapigwa picha na vyeti, na Jumatatu kazi inaendelea vile ilikuwa. Nimefanya kazi ya mafunzo miaka mingi, kwa magodauni, kwa maduka, kwa ofisi za huku juu mjini, na mtu anayeanza hii kazi ningetaka ajue kwamba hiyo fomu inakuambia watu wanatamani nini. Kazi imekwama wapi, hiyo utaijulia pale kazi inafanyikia.

Kuna kampuni moja Industrial Area inasambaza bidhaa za madukani, na wateja walikuwa wanalalamika kila wiki kwamba wanaletewa mzigo ambao si ule waliagiza. Bosi alikuwa ameshaamua: vijana wa stoo waende kozi ya kastoma kea. Nikaomba nikae kwanza pale malori yanapakiwa, saa kumi na moja alfajiri. Mzee anayehesabu mzigo akanivutia kreti nikae, akaniambia, "Madam, wewe usiulize kitu, angalia tu." Nikaangalia. Katoni za sabuni ya gramu 175 na za gramu 200 zimepangwa pamoja, rangi ni moja, karatasi ya oda imeandikwa namba ya bidhaa peke yake bila saizi, na wino wa printa umefifia mpaka 3 na 8 huwezi kuzitofautisha. Kijana anainua karatasi kwenye taa ya lori ndio asome, dereva anapiga honi kwa sababu anataka kutoka kabla jam ya Jogoo Road ianze, basi kijana anakisia anapakia.

Hao vijana kazi walikuwa wanaijua. Hata ungewaleta mkufunzi kutoka wapi, ule wino hauwezi kukolea. Saizi ikawekwa kwa karatasi ya oda, katoni zikatenganishwa, tona ikanunuliwa, makosa yakapungua sana, na yale machache yaliyobaki ndio yakatuonyesha mafunzo yanatakiwa wapi: vijana wapya wawili hakuna mtu alikuwa amewahi kuwaonyesha mzigo uliorudishwa unaingizwa aje kwa sistimu. Hilo lilifundishwa asubuhi moja palepale stoo, na aliyefundisha ni yule mzee.

Kwa hivyo swali langu la kwanza siku zote ni hili, mtu huyu nikimwomba anionyeshe hii kazi sasa hivi, anaweza? Kama anaweza na bado haifanyi, tafuta sababu kwingine, angalia vifaa, angalia vile kazi imepangwa, angalia kama anasumbuliwa akiifanya vizuri ama kama kuifanya vibaya ndio kunammalizia siku mapema. Kama hawezi, hapo ndio mafunzo yanaingia. Wamarekani wawili, McGehee na Thayer, waliandika mwaka 1961 kwamba uangalie pande tatu, kampuni inaelekea wapi, kazi yenyewe inataka nini, na mtu mwenyewe amepungukiwa nini, na mimi mpaka leo naanzia hapo. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunarukia ule upande wa tatu, tunamwangalia mtu tu, kwa sababu mtu ndio rahisi kulaumu.

Kabla ya mafunzo andika namba. Hii watu wanairuka alafu baadaye wanalia. Mizigo mingapi inarudishwa kwa wiki, mteja anangoja dakika ngapi kwa kaunta, invoisi ngapi zinakataliwa, chagua kitu kimoja ama viwili ambavyo tayari vinaandikwa mahali, usitengeneze ripoti mpya ambayo hakuna mtu atajaza. Bila hiyo namba ya mwanzo, baada ya miezi mitatu kila mtu atasema vile anahisi, na mwenye sauti kubwa ndio atashinda.

Sasa kupima kama mafunzo yamesaidia. Donald Kirkpatrick, Mmarekani pia, alianza kuchapisha mwaka 1959 zile hatua nne ambazo watu wa HR wengi wanazijua: watu walionaje mafunzo, walijifunza nini, wanafanya nini tofauti wakirudi kazini, na kampuni imepata nini. Karibu wote tunaishia ya kwanza, ile fomu ya kujaza mkiwa mnangojea basi. Mimi siitupi, inakuambia kama ukumbi ulikuwa na joto na kama mkufunzi alikuwa anaeleweka, lakini mkufunzi mchangamfu atapata alama za juu hata kama hakuna kitu kilibaki. Na vitu havibaki vyenyewe, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe akaonyesha mwaka 1885 kwamba kitu kipya kinasahaulika kwa kasi siku za kwanza kisiporudiwa. Kwa hivyo usitoe jaribio saa kumi jioni siku ya kufunga, hapo kila mtu anakumbuka, toa wiki tatu nne baadaye, fupi tu, kwa kazi halisi.

Hatua ya tatu ndio naijali zaidi, na ndio inataka miguu. Rudi baada ya miezi miwili mitatu, simama pale kaunta ama pale stoo, ona kama kile kitu kinafanyika. Na kama kampuni iko na matawi, usifundishe yote mara moja, anza na la Thika Road, la Ngong Road lingoje kidogo, linganisha namba zao, kwa sababu ukifundisha watu wa mauzo mwezi wa kumi na moja na Disemba mauzo yapande, hiyo inaweza kuwa ni Krismasi tu.

Pesa pia usiziache. Kampuni inalipa NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na sehemu ya gharama za mafunzo inaweza kurudishwa, lakini lazima uombe idhini kabla mafunzo hayajafanyika. Ofisi zao kuu ziko hapo Commercial Street, Industrial Area. Ukishafanya ule uchunguzi wako vizuri, karatasi nyingi za kueleza kwa nini mafunzo yanahitajika tayari unazo mkononi.

Lakini kitu kinachoua mafunzo mazuri kuliko vyote ni supavaiza. Msichana wa kaunta amefundishwa kurudishia mteja pesa bila kumzungusha, anarudi, anajaribu mara ya kwanza, supavaiza anamwambia hapa tunafanya vile tumezoea. Imeisha hapo. Siku hizi nakutana na supavaiza kabla ya mafunzo, tunakubaliana watu wake watafanya kitu gani kipya, yeye atakiangalia siku gani, na ni kazi gani atawapunguzia wiki ile ya kwanza wakiwa bado wanaenda polepole. Tunaandika, anaweka sahihi, nakala moja anabaki nayo. Akikosa muda wa kukaa na mimi nusu saa, naahirisha mafunzo, hata kama ukumbi umeshalipiwa deposit, na watu wa fedha wananikasirikia kweli, lakini narudi kwa huyo supavaiza wiki inayofuata tukae.